Daktari wa vichwa vya watoto wa Mbale ni nani?

Swali: Shikamoo dokta. Mjukuu wangu kichwa kinakua kupita kiasi, jirani kaniambia kuna Mmarekani alikuwaga Mbale Uganda anatibu bila kuweka mpira. Kasomea nini huyo? – Bibi, Bukoba

Jibu: Marahaba mama, pole sana na mjukuu. Huyo ni Benjamin Warf, kasoma udaktari Harvard halafu akabobea upasuaji wa ubongo wa watoto, mwaka 2000 akahamia Mbale na familia yake kuanzisha upasuaji huo kwenye hospitali ya CURE. Alirudi Marekani 2006 lakini hospitali bado inatibu, na madaktari wengi wamefundishwa pale.

Sasa kuhusu mpira, kichwa kikikua hivyo huenda ni maji yamejaa ndani, na ule mpira unayatoa kichwani mpaka tumboni, na unasaidia kweli ila unaweza kuziba au kupata maambukizi, na mtoto akiwa kijijini mbali na hospitali hapo ni hatari kubwa. Warf yeye anaingiza kamera nyembamba, anatoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo halafu anaunguza zile tishu zinazotengeneza maji, kwa hiyo wengi hawahitaji mpira kabisa. Sio wote lakini, inategemea umri na chanzo. Pia anatibu mgongo wazi.

Mama usingoje Mbale, mpeleke hospitali ya mkoa wiki hii hii wampime kichwa, wakuandikie rufaa, hata MOI, ile taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, wanafanya upasuaji wa watoto hawa.