Mzigo Ukipotea, Uliza Kwanza Nani Alimlipa Msafirishaji

Siku ile sikutoka nyumbani tangu asubuhi. Nilikuwa nimeagiza lenzi ya kamera, kitu nilichokidundulizia kwa miezi, na mchana simu ikaleta ujumbe: "Mzigo wako umekabidhiwa saa 8:14." Nikafungua mlango. Hakuna kitu. Nikawauliza majirani, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikarudi tena mlangoni kana kwamba ningeukuta mara ya pili. Hakuna.

Siku tisa nzima nilimpigia simu msafirishaji. Kila siku napokewa na sauti mpya, kila siku naanza kueleza upya, na kila siku naambiwa, "Tunafuatilia." Siku ya tisa mhudumu mmoja akanipa jibu lililostahili kutolewa siku ya kwanza: "Mteja wetu ni yule aliyetuma. Yeye ndiye mwenye haki ya kufungua madai."

Iliniuma, lakini alisema kweli. Mimi nilimlipa muuzaji. Muuzaji ndiye aliyemlipa msafirishaji. Kati yangu na yule dereva hapakuwa na mkataba wowote, ndiyo maana simu zangu zote hazikuzaa chochote zaidi ya upole. Jioni ile ile nilimwandikia muuzaji, akafungua uchunguzi, na baada ya siku mbili ikaja picha iliyopigwa na dereva wakati wa kukabidhi. Mlango ulikuwa wa kijani. Wangu ni wa kahawia. Ilikuwa nyumba yenye namba kama yangu, mtaa wa pili. Wenyewe waliitunza lenzi vizuri na walikuwa wakinitafuta, ila namba ya simu kwenye lebo ilikosewa tarakimu moja.

Tangu hapo nimenunua na kuuza vitu vingi mtandaoni, na swali langu la kwanza mambo yakiharibika ni hilo: nani alimlipa nani? Ukinunua, shauri lako ni la muuzaji. Akikwambia "wasiliana na kampuni ya usafirishaji," mjibu kwa heshima kwamba yeye ndiye mteja wao. Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza sheria za walaji zimeliweka hilo wazi: mzigo unabaki kuwa hatari ya muuzaji mfanyabiashara hadi ufike mikononi mwa mnunuzi, na pasipokuwa na makubaliano mengine anapaswa kuufikisha ndani ya siku 30. Yapo mazingira yanayoigeuza kanuni hiyo: ukimtafuta mwenyewe msafirishaji ambaye muuzaji hakumtoa kama chaguo, hatari inakuhamia pale mzigo unapokabidhiwa kwake. Wengi hufanya hivyo kuokoa pesa kidogo bila kujua wamejitwisha nini.

Mzigo ukisomeka "umekabidhiwa" nawe huna kitu, usikae kusubiri wiki. Piga picha ya skrini inayoonyesha hali hiyo pamoja na tarehe na saa. Waulize majirani na kila anayeishi nawe, kwa sababu mara nyingi mzigo uko kwa mtu mwema anayekusubiri umfuate. Kisha mwandikie muuzaji siku hiyo hiyo, umtake aombe vitu vitatu kwa jina: picha ya makabidhiano, saini au jina la aliyepokea, na mahali kifaa cha dereva kilipokuwa kwa mujibu wa GPS wakati mzigo unasajiliwa kuwa umefika. Ukiomba "uchunguzi" tu, utajibiwa kwamba mfumo unaonyesha umefika. Ukivitaja vitu hivyo vitatu, lazima mtu ainuke akavitafute.

Mwombe pia anwani iliyoandikwa kwenye lebo, yote, siyo jina la mji pekee. Kuna matapeli wanaojifanya wauzaji ambao hutuma bahasha nyepesi kwa anwani nyingine kabisa katika mji wako, ili ufuatiliaji usome "umekabidhiwa" na mji ulingane. Uzito ndio huwaumbua. Mizigo mingi hupimwa inapopokelewa na inapopita kwenye mitambo ya kuchambulia, na gramu 40 haziwezi kuwa viatu.

Kuhusu namba ya kufuatilia, jifunze kuisoma. Mizigo ya posta inayovuka mipaka hutumia mfumo wa Umoja wa Posta Duniani: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi mzigo unakotoka. Ikianza na R ni rejista, yaani mzigo uliosajiliwa, C ni kifurushi, E ni EMS, yaani huduma ya haraka. Ikianza na U, hicho ni kifurushi kidogo cha kawaida. Msimbo upo zaidi kwa ajili ya forodha na haukuahidi kufuatiliwa hadi mlangoni. Nimewaona watu wakikosa usingizi kwa sababu namba ya U imenyamaza wiki tatu, kumbe huduma waliyolipiwa ndivyo ilivyo. Tarakimu ya tisa ni ya ukaguzi, hukokotolewa kutokana na zile nane za mwanzo, kwa hiyo namba ya kubuni mara nyingi hukataliwa na mfumo papo hapo.

Na kuna hali moja inayowadanganya wengi: "lebo imetengenezwa" au "taarifa zimepokelewa." Maana yake muuzaji amechapisha karatasi. Mzigo bado uko kwake. Zikipita siku nne au tano bila kusonga, mwulize yeye, wala usimlaumu msafirishaji ambaye hajauona.

Sasa tarehe. Hapa ndipo watu wazuri wanapopoteza pesa zao, kwa kuwa wavumilivu. Muuzaji anasema, "Subiri wiki mbili tu, ni msongamano." Unasubiri. Anaomba nyingine mbili. Wakati huo dirisha la madai linajifunga polepole. PayPal hukupa siku 180 tangu siku ya malipo kufungua mgogoro, na ukishaufungua una siku 20 za kuupandisha kuwa dai kamili, la sivyo unafungwa wenyewe. Ukikubali kuufunga kwa ahadi ya muuzaji, hauwezi kufunguliwa tena. Kwa kadi za Visa na Mastercard, benki kwa kawaida inaweza kudai pesa irudishwe ndani ya siku 120, hesabu ikianza mara nyingi siku uliyotarajia kupokea mzigo, ila benki yako inaweza kukuwekea muda mfupi zaidi, kwa hiyo iulize mapema. Mizigo ya posta ya kimataifa huulizwa ndani ya miezi 6 tangu kutumwa. Na mzigo uliokuja kwa ndege na makampuni ya haraka ukiwa umeharibika, Mkataba wa Montreal wa 1999 unataka malalamiko ya maandishi ndani ya siku 14 tangu kuupokea. Mimi huziandika tarehe hizi kwenye kalenda siku ninayolipa, kabla hata muuzaji hajafungasha. Ninaweza kumvumilia mtu kwa moyo wote huku mgogoro ukiwa wazi. Muuzaji mwaminifu hadhuriki nao.

Niseme upande wa pili, maana nimeuza pia, na kuuza ndiko kulikonifundisha zaidi.

Niliwahi kuuza amplifaya ya zamani, nzito, niliyoipenda. Niliiweka kwenye boksi moja, nikajaza magazeti, nikapiga seloteipu. Ilifika imepasuka kona na kitasa kimoja kimezama ndani. Mnunuzi alikuwa mtu mwungwana, alinitumia picha bila tusi hata moja. Msafirishaji akakataa fidia: "Ufungashaji haukutosha." Nikarudisha pesa zote, na ile amplifaya haikupona. Bado nasikitika nikiikumbuka, kwa sababu ilikuwa imedumu miaka mingi ikafia mikononi mwangu.

Magazeti hayafai kitu kizito. Yanagandamana, nafasi inabaki, na kitu kinaanza kugonga kuta. Ukidondosha mzigo kutoka usawa wa kiuno na hutaki kuangalia, haujafungashwa. Mitambo ya kuchambulia mizigo hufanya hivyo na zaidi, na boksi lako litabebeshwa mengine juu yake. Siku hizi natumia maboksi mawili, dogo ndani ya kubwa, na angalau sentimita 5 za kinga kila upande. Seloteipu napiga kwenye mfunguko wa katikati na kwenye kingo zote mbili za juu na chini, ifanye umbo la herufi H. Ndani naweka karatasi yenye anwani zote mbili, kwa kuwa lebo ya nje ikichanika mzigo unakuwa yatima. Boksi likikamilika nalitikisa. Nikisikia chochote, nafungua upya.

Pima vipimo pia. Makampuni ya haraka hutoza uzito wa ukubwa pale unapozidi uzito wa mizani: zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha wengi wao hugawanya kwa 5000. Boksi la 40 kwa 30 kwa 30 linatozwa kama kilo 7.2 hata likibeba mto. Ukiandika uzito mdogo kuliko huo, wataupima wenyewe na mzigo unaweza kukaa ghalani hadi ulipe tofauti, huku mnunuzi akidhani umemtapeli.

Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la muuzaji wa mtandaoni ni video. Rekodi moja isiyokatwa: kifaa kikiwaka, namba yake ya utambulisho, kinaingia kwenye boksi, boksi linafungwa, linawekwa kwenye mizani, lebo inaonekana. Dakika 3 zinatosha. Mnunuzi mmoja alidai boksi limemfikia tupu. Sikubishana naye. Nilituma video inayoonyesha kilo 1.84 na nikamwomba msafirishaji kumbukumbu za uzito. Mzani wao wa mwisho ulisoma vilevile. Shauri likaisha. Naye mnunuzi afanye hivyohivyo wakati wa kufungua: arekodi kuanzia boksi likiwa bado limefungwa, lebo ionekane, na asitupe boksi wala vijazio, kwa sababu mkaguzi wa madai ataviuliza.

Bima inahitaji neno. Usidhani thamani ya kitu ndiyo fidia yake. Chini ya Mkataba wa Montreal kikomo cha fidia huhesabiwa kwa kilo, hivyo simu ghali yenye gramu 200 inalipwa sehemu ndogo tu ya thamani yake isipokuwa umetangaza thamani maalumu na kulipia. Na wale wanaomwomba muuzaji aandike bei ndogo kwenye fomu ya forodha ili wakwepe ushuru wajue kwamba, mbali na kuwa ni udanganyifu, mzigo ukipotea ndiyo bei hiyo ndogo watakayodai nayo. Mimi hukataa kila mara, hata nikipoteza mteja.

Forodha yenyewe hukwama zaidi kwa maelezo mabovu kuliko kwa kosa la mtu. "Zawadi" si maelezo. "Vipuri" pia si maelezo. Andika "fulana 2 za pamba, mpya." Tangu mwaka 2021 posta za dunia hutakiwa kutuma taarifa za bidhaa kwa njia ya kielektroniki kabla mzigo haujafika, na usio na taarifa unaweza kurudishwa. Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize kama bei ni DDP, yaani ushuru umeshalipwa na muuzaji, au DAP, atakayeulipa ni yeye. Betri za lithiamu-ioni zinazosafiri peke yake bila kifaa, pawabanki ikiwemo, haziruhusiwi kama shehena kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016. Uliza msafirishaji kabla hujaifunga, kwa sababu ikigunduliwa mzigo mzima unazuiwa.

Kuhusu zile meseji za "mzigo wako umezuiliwa, lipa kiasi kidogo hapa": usibonyeze. Fungua tovuti ya msafirishaji mwenyewe, andika namba yako, utaona kama kuna deni. Tapeli hatafuti kile kiasi kidogo. Anataka namba za kadi.

Jambo moja kwa wauzaji: mnunuzi akikuomba ubadilishe anwani baada ya kulipa, usibadilishe. Rudisha pesa, aagize upya kwa anwani anayotaka. Ulinzi wa muuzaji, kwa PayPal kwa mfano, unategemea mzigo kwenda kwenye anwani ileile iliyo kwenye muamala.

Na huu ndio ujumbe ninaoutuma mzigo usipofika. Uchukue, ubadilishe upendavyo, ila utume ndani ya mfumo wa ujumbe wa jukwaa mliponunuliana, kwani yaliyosemwa kwa simu hayaonwi na anayeamua shauri:

"Ndugu, nililipia oda namba hii tarehe hii. Mzigo unasomeka umekabidhiwa tarehe hii saa hii, lakini haujanifikia, nimeshauliza majirani. Naomba ufungue uchunguzi kwa msafirishaji na unitumie picha ya makabidhiano, jina la aliyepokea, mahali pa GPS, na uzito uliosajiliwa. Nasubiri hadi tarehe hii. Baada ya hapo nitafungua mgogoro rasmi ili muda usinipite, na nitaufunga pindi tu mzigo au pesa vikinifikia."

Tarehe ya mwisho huwa naweka siku 5 za kazi. Wengi hujibu siku ya pili.