Nyimbo zangu za pawa metali: maswali yenu ya wiki hii

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa, kwa mstari mmoja tu, kwamba nikiwa kwenye foleni ya Ubungo nasikiliza pawa metali ya Wajerumani badala ya redio. Nilidhani mstari huo utapita kimyakimya. Wapi! Wengine mmeuliza kistaarabu, wengine mnataka kujua nani kaniroga. Nimechukua maswali machache.

Hiyo pawa metali ndiyo kitu gani? Mimi najua bongofleva na dansi la zamani. (Msomaji, Temeke)

Kama unalijua dansi, nusu ya safari umeshamaliza. Unajua gitaa la solo linavyoongea na gitaa la pili, na unajua sebene likifunguka watu wanavyoacha viti. Sasa chukua magitaa mawili yapige melodi moja, moja juu na moja chini kidogo, dramu ikimbie kwa miguu yote miwili, mwimbaji apande hadi mahali ambapo mwanamume mwenye akili zake haendi. Halafu kije kiitikio ambacho ukikisikia mara ya kwanza, mara ya pili unaimba. Hakuna kunguruma kama simba mwenye mafua, hiyo ni metali nyingine. Hawa wanaimba na maneno yanasikika.

Mizizi iko Uingereza, kwa Iron Maiden na Judas Priest. Walioipa sura tunayoijua ni Helloween wa Hamburg, kwa albamu mbili zenye jina moja, Keeper of the Seven Keys, ya kwanza 1987 na ya pili 1988.

Nitajie wimbo mmoja tu wa kuanzia. Mmoja, usinipe hotuba. (Dereva bodaboda, Kinondoni)

"Eagle Fly Free" ya Helloween, 1988. Ungeishia hapo, ila hotuba kidogo utanivumilia.

Kwanza Michael Kiske. Albamu ilipotoka alikuwa na miaka 20, na anaimba kama mtu ambaye hajawahi kudaiwa kodi. Pili, katikati ya wimbo, baada ya magitaa kumaliza mashindano yao, besi nayo inapewa nafasi yake, kisha dramu. Kila mtu anaitwa mbele kidogo, anasalimia, anarudi. Ni adabu ya jukwaani ambayo mtu wa dansi ataitambua mara moja.

Tatu ni kisa changu. Nilinunua hedifoni Kariakoo, muuzaji akaapa kwa jina la mama yake kwamba ni orijino. Wiki ya pili sikio la kulia likafa. Kwa ubahili nikaendelea na la kushoto kama miezi minne, na huo wimbo nikiusikiliza kila siku kwenye mwendokasi, nikijiona naujua nje ndani. Siku nilipoazima hedifoni za mdogo wangu, tukiwa tunaipita Manzese, gitaa la pili likatokea upande ambao kwangu siku zote ulikuwa kimya. Nilikuwa nimeishi na nusu ya bendi! Nikapitiliza kituo changu, na sikujuta. Kwa hiyo kabla ya kuanza, hakikisha masikio yote mawili yanafanya kazi. Na ukiwa unaendesha bodaboda usisikilize kabisa, ndugu yangu.

Mwanangu wa kidato cha pili amebandika ukutani picha ya boga lenye meno. Hiyo si frimasoni? (Mama, Tabata)

Shikamoo mama. Hilo boga ni la hao hao Helloween. Wazungu wana siku yao ya Halloween mwezi wa Oktoba, wanachonga maboga na kuyawekea mshumaa ndani. Vijana wale mwaka 1984 wakabadilisha herufi moja ili jina liguse neno la jehanamu kwa Kiingereza. Ni utundu wa ujana, hakuna ibada yoyote.

Ukitaka wimbo wa kukutia wasiwasi, uliza kama anaimba "I Want Out". Huo ni wa kijana aliyechoka kuamuliwa kila kitu na watu wazima. Akiuimba kwa sauti siku ya matokeo, kaa naye mzungumze.

Sawa, lakini mbona watu wazima na ndevu zao wanaimba mazimwi na mapanga ya uchawi? Si utoto huo? (Mwalimu, Kigamboni)

Mwalimu, naamini Fumo Liyongo umewahi kumsimulia darasani. Jitu la pwani, silaha hazimdhuru, mpaka mwanawe wa kumzaa anarubuniwa na kumchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Anafia kisimani amepiga goti, upinde mkononi, na watu wanakaa na kiu kwa sababu hakuna mwenye ubavu wa kumsogelea maiti. Hadithi hiyo tumeiimba kwa utenzi, na hakuna aliyetuita watoto.

Ukiwapa Rhapsody wa Trieste, Italia, kisa cha Liyongo, watakutolea albamu tatu. Wao walikuwa na kisa chao cha shujaa anayetafuta upanga wa zumaridi, wakakivuta kutoka 1997 hadi 2002. Wimbo wake mkuu ni "Emerald Sword" wa 1998, wenye kwaya na vinanda vilivyorundikwa hadi darini. Kiingereza chao kinachechemea, na mimi sijali. Mwaka 2004 walimleta Christopher Lee, yule mzee mwigizaji wa Dracula, awe msimulizi kwenye albamu yao, na ukiisikia ile sauti unabaki kungoja aseme "Paukwa!" umjibu. Blind Guardian wa Krefeld nao, mwaka 1998, walichukua kitabu cha Tolkien kiitwacho The Silmarillion wakakigeuza albamu nzima, Nightfall in Middle-Earth. Anza na "Mirror Mirror".

Eti DragonForce ndio muziki wenye kasi kuliko wote duniani? Mdogo wangu anabishana na mtaa mzima. (Dada, Mbagala)

Mdogo wako anaishi Mbagala halafu anasema hivyo? "Through the Fire and Flames" ya 2006 inakwenda kwenye mapigo kama 200 kwa dakika, na singeli hapo ndipo inapowasha gari. Zipo zinazofika 300. Kwa kasi tupu, mpelekeni kwenye vigodoro akatulie.

Walichonacho DragonForce ni vidole. Wimbo una zaidi ya dakika saba, na zikifika solo Herman Li na Sam Totman wanapiga magitaa kama watu wawili wanaokimbizana kwenye ngazi, na hakuna anayejikwaa. Ndiyo maana gemu ya Guitar Hero III ya 2007 iliuweka mwishoni kabisa, ukavunja mioyo ya vijana dunia nzima. Na aliyeuimba, ZP Theart, ni mzaliwa wa Afrika Kusini. Hilo mdogo wako analijua?

Kuna bendi yoyote ya namna hiyo yenye ngoma zetu? Naona ni Wazungu watupu. (Msomaji, Magomeni)

Swali hili nililisubiri. Tafuta Angra wa São Paulo, Brazili, albamu ya Holy Land, 1996.

Ni albamu inayosimulia Brazili wakati merikebu za Ulaya zinafika. Wimbo wa kuukalia kitako ni "Carolina IV", una zaidi ya dakika kumi. Unaanza kwa ngoma za mkono na watu wanaoitikiana kwa Kireno, wakimsalimu Iemanjá, mungu wa kike wa maji ambaye Waafrika walivuka naye bahari wakiwa kwenye minyororo. Gitaa bado halijaingia. Mara ya kwanza nilidhani nimebonyeza faili jingine. Kisha metali inaingia juu ya zile ngoma, na ngoma hazifukuzwi, zinasogea tu kumpisha mgeni. Katikati pametulia, ni kinanda na ala za orkestra, bahari shwari, halafu dhoruba tena.

Ninapousikiliza napenda niwe kwenye pantoni, Kivukoni kwenda Kigamboni. Pantoni inamaliza safari kabla ya wimbo, kwa hiyo mara nyingine navuka na kurudi.

Andre Matos, aliyeuimba, alifariki Juni 2019 akiwa na miaka 47. Huyo kwangu yuko juu ya Kiske. Najua nitatukanwa.

Naoa Desemba. Nipe wimbo wa pawa metali wa kuingilia ukumbini, tafadhali. (Bwana harusi mtarajiwa, Sinza)

Hongera. Sasa nisikilize kwa makini, maana usipoangalia utaaibika.

Mtu atakwambia "Forever" ya Stratovarius, ile ya 1996, laini, nzuri ajabu. Ni wimbo wa mtu aliye peke yake gizani, maisha yanaelekea mwisho, anakumbuka utoto wake. "Tallulah" ya Sonata Arctica? Huyo anamlilia aliyeondoka. Hawa Wafini wakishika kinanda taratibu, ujue kuna aliyeachwa au aliyekufa. Mjomba wa bibi harusi anayejua Kiingereza atakuuliza mbele ya kamati.

Kama ni lazima, chukua "Hunting High and Low" ya Stratovarius, 2000. Ina furaha, ina kiitikio, na mwendo wake mnaweza kuuchezea hadi jukwaani. Ila mtaarifu MC na fundi mitambo mapema, la sivyo atadhani spika imepata hitilafu na ataizima mkiwa katikati ya ukumbi. Keki kateni na wimbo wa kawaida.

Tarja au Floor? (Wasomaji watatu, siku moja)

Mnataka tugombane. Nightwish, bendi ya Kifini, ile ya Tarja Turunen, mwimbaji aliyeondolewa 2005, ndiyo iliyonifundisha kwamba sauti ya opera inaweza kusimama mbele ya magitaa bila kumezwa. Lakini "Ghost Love Score" ni yake kwenye albamu ya 2004, na ni Floor Jansen, aliyekuja kuimba nao baadaye, ninayemrudia, kwenye onyesho la tamasha la Wacken, Ujerumani, la 2013. Dakika ya mwisho. Nimemaliza.

Mbona Sabaton hujawataja hata siku moja? (Mstaafu wa jeshi, Gongo la Mboto)

Shikamoo mzee. Nawapenda kiasi, nikizisikiliza nyimbo nne mfululizo naanza kutembea kwa gwaride. Ni Waswidi wa Falun, wanaimba vita vilivyotokea kweli. "Night Witches" ya 2014, kuhusu wanawake marubani wa Kisovieti waliokuwa wakidondosha mabomu usiku, ni nzuri sana. Kila nikipita Sanamu ya Askari pale Samora natamani waje waimbe Tanga, Novemba 1914: risasi mbele, nyuki nyuma, na jeshi la Mwingereza linarudi baharini mbio.

Acha kuzunguka, tupe kumi bora zako. (Wengi)

Kumi bora zangu hubadilika kila umeme unapokatika. Ambazo hazijawahi kutoka, ukiacha nilizotaja, ni "Black Diamond" ya Stratovarius (1997), "Rebellion in Dreamland" ya Gamma Ray (1995), bendi aliyoianzisha Kai Hansen alipotoka Helloween, na "FullMoon" ya Sonata Arctica (1999), ya mtu anayegeuka mbwa mwitu mwezi ukiwa mpevu.

Na "The Bard's Song" ya Blind Guardian, 1992. Magitaa ya akustika na sauti, basi. Jukwaani mwimbaji wao Hansi Kürsch mara nyingi hahangaiki kuuimba, watazamaji wanauimba wote toka mwanzo hadi mwisho.

Mwezi uliopita umeme ulikatika Sinza, tukakaa kibarazani watatu na gitaa lenye nyuzi tano, tukauanzisha. Muuza chipsi wa jirani alikuwa akiendelea kugeuza karai lake kwa mwanga wa simu. Tulipofika kiitikio mara ya pili, akaingia na sauti ya chini, bila maneno, ikakaa pale pale ilipotakiwa. Kumbe ni besi wa kwaya kanisani kwao. Tukamaliza, akapangusa mikono, akauliza ni namba ngapi kitabuni.