Majipu yanarudi kila mwezi, na maabara wanasema bakteria ni sugu: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo daktari. Tangu mwaka jana nasumbuliwa na majipu. Likipona la kwapani linaota la pajani, hilo likipona linakuja la makalioni. Nimemeza Ampiclox mpaka nimechoka, nimechomwa na sindano za ceftriaxone. Yanatulia, kisha yanarudi. Juzi hospitali wakachukua usaha wakauotesha. Karatasi imeandikwa Staphylococcus aureus, MRSA. Cefoxitin R, erythromycin R, co-trimoxazole R, clindamycin S, doxycycline S. Majirani wanasema damu yangu chafu, ninywe dawa ya kuisafisha. Sasa mwanangu wa miaka mitano naye ameota jipu mgongoni. Nitapona kweli? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, dada. Utapona. Na hiyo pesa ya dawa ya kusafisha damu usiitoe, maana tatizo lako haliko kwenye damu. Liko puani, kwapani, kwenye taulo na kwenye kopo la mafuta ya kujipaka.

Tuanze na karatasi, kwa sababu ni mali. R maana yake bakteria hawaitikii dawa hiyo, S maana yake inawaweza. Cefoxitin haikuwekwa hapo ili uandikiwe. Ni kipimo cha kugundua usugu. Ikisoma R, zifute Ampiclox, Augmentin, cephalexin na zile sindano zako, zote kwa mpigo. Dawa hizo hufanya kazi kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria. Hawa wa kwako wana protini nyingine ya kujengea ukuta ambayo dawa haiishiki, kwa hiyo ujenzi unaendelea kama kawaida. Si jambo geni: methicillin, dawa ya jamii hiyohiyo na ndiyo M ya pili katika MRSA ya karatasi yako kwa maana ya usugu dhidi yake, ilianza kutumika mwaka 1959, na kufikia 1961 Uingereza walikuwa wameshawaona bakteria wanaoishinda.

Sasa utauliza, mbona nilikuwa napata nafuu? Kwa sababu jipu lilipasuka, usaha ukatoka, na sifa ikaenda kwa Ampiclox. Kutoa usaha ndiyo tiba yenyewe. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016, wagonjwa zaidi ya 1,200 walipasuliwa majipu, kisha nusu wakapewa Septrin (ndiyo co-trimoxazole, ambayo kwako ni R) na nusu vidonge visivyo na dawa. Waliopona kwenye Septrin walikuwa kama asilimia 80, na kwenye vidonge vitupu kama asilimia 74. Dawa ilisaidia, lakini kazi kubwa ilifanywa na kisu. Kwa hiyo jipu likiiva na kuwa laini, nenda likapasuliwe kituoni. Usilikamue nyumbani, unausukuma usaha ndani zaidi.

Kwa dawa za kumeza, karatasi yako imeacha milango miwili. Doxycycline inafaa kama huna ujauzito. Meza na glasi nzima ya maji, usilale papo hapo, na jua kali likwepe. Clindamycin inasoma S, lakini hapo nina swali kwa maabara. Erythromycin ikiwa R na clindamycin S, bakteria wengine huwa wameficha usugu unaoamka ukishaanza dozi. Maabara huweka vipande viwili vidogo vya karatasi vyenye dawa hizo karibu karibu kwenye sahani ya kuoteshea. Duara lisilo na bakteria kuzunguka clindamycin likibonyea upande unaoelekea erythromycin na kufanana na herufi D, dawa hiyo haikufai. Muulize daktari wako kama kipimo cha D kilifanyika. Swali hilo moja linaweza kukuokolea dozi nzima. Mtoto usimgawie vidonge vyako. Doxycycline kwa kawaida hatuwapi walio chini ya miaka minane. Mpeleke akaangaliwe.

Hayo yote ni ya jipu lililopo. Linalokusumbua hasa ni lijalo, na hapo ndipo watu wengi huachwa njiani. Takriban mtu mmoja kati ya watatu hubeba Staphylococcus aureus puani bila kuumwa. Wewe unabeba sugu. Unagusa pua, unajikuna, unanyoa kwapa, ngozi inachubuka, wanaingia. Usugu haufanyi majipu yarudi. Ubebaji ndio unaoyarudisha.

Kwa hiyo majipu yakishatolewa usaha na kukauka, daktari akuandikie mupirocin ya puani. Paka kidogo, kama nusu punje ya njegere kila tundu, kwa pamba safi ya kijiti, kisha bana pua na kuisugua taratibu kwa nje. Mara mbili kwa siku, siku tano. Siku hizohizo oga kwa sabuni ya maji ya chlorhexidine asilimia 4, kuanzia shingoni kushuka: kwapani, kinenani, katikati ya makalio. Iache dakika mbili tatu, ndipo usuuze. Isiingie machoni wala masikioni.

Na fanyeni nyumba nzima kwa pamoja, siku hizohizo tano. Huko St. Louis, Marekani, watafiti waliwagawa watoto wenye majipu makundi mawili: nyumba ambazo mgonjwa peke yake alisafishwa, na nyumba ambazo wote walisafishwa. Baada ya miezi 12 majipu yalikuwa yamerudi kwa asilimia 72 ya kundi la kwanza na 52 ya la pili. Ziangalie namba hizo vizuri. Hata walipofanya wote, nusu waliota tena. Ukiota jipu moja baada ya miezi minne usikate tamaa. Mwanzo ulikuwa unaota kila mwezi.

Ndani ya siku hizo tano, kila mtu taulo lake na dodoki lake, na ikiwezekana madodoki ya zamani yatupeni. Mashuka na khanga fueni kwa maji ya moto, zikauke juani, pigeni pasi. Wembe haushirikiwi, kwapa acha kunyoa kwa sasa, punguza kwa mkasi. Lile kopo la mafuta ambalo kila mtu anachovya vidole ndilo nalichukia kuliko vyote. Nunueni la kumimina, au mchote kwa kijiko safi.

Mawili ya kupima: sukari na VVU, maana yote mawili huyapa majipu nafasi. Tena, kama yanarudi palepale kwapani na kinenani, yakiacha makovu na vijishimo vinavyovuja, mwambie daktari. Upo ugonjwa mwingine wa ngozi unaofanana na majipu, na tiba yake ni tofauti kabisa.

Homa, wekundu unaosambaa kwa saa chache, maumivu makali kuliko uvimbe wenyewe, au jipu karibu na pua, mdomo wa juu au jicho: hayo ni ya kwenda hospitali leoleo.

Mupirocin iliyobaki usiipake kila kipele kinachotokea. Bakteria huizoea nayo, na za kubadilisha ni chache. Karatasi ya maabara ipige picha ikae kwenye simu. Siku ukiota jingine, mwonyeshe daktari kabla hajaandika chochote.