MASWALI YENU: Picha makumbusho, ruksa au marufuku?

Swali: Anko shikamoo, niko Lindi mjini hapa. Shemeji yangu yuko Berlin kanirushia video amesimama chini ya yule dinosaria wetu wa Tendaguru, anapiga selfi mpaka basi na hakuna anayemgusa, halafu kesho yake kaenda makumbusho nyingine hukohuko kuna chumba akaambiwa simu mfukoni. Sasa sheria ni ipi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Huyo wetu, wataalam wanamuita Giraffatitan, alichimbwa kati ya 1909 na 1913, mifupa wazee wetu wakaibeba vichwani na mabegani toka Tendaguru hadi bandari ya Lindi (hilo kwenye selfi halionekani) na pale aliposimamishwa ana mita 13.27 kwenda juu, we unamkatazaje mtu asipige picha kitu kama hicho? Tena ile mifupa ishageuka jiwe, mwanga wa simu hauifanyi kitu. Cha pili nahisi shemeji aliingia kwa Nefertiti pale Neues Museum, ile sanamu ya kichwa cha malkia wa Misri, mle kweli picha hawataki. Kwa ujumla vitu vya rangi, nguo na karatasi vinafubaa kwa mwanga kama kanga inayoachwa juani kila siku, na rangi ikishaondoka ndo imeondoka, ndo maana vyumba vya vitu hivyo taa zinafifishwa, mara nyingi isizidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga). Flashi moja kusema kweli haina madhara makubwa kivile, ila mlinzi hana muda wa kubishana na kila mtu kawasha ngapi, kwahiyo zima tu.

Halafu muulize kama alichungulia kwenye zile darubini walizoweka hapo kwa dinosaria mwaka 2007, unatazama mifupa unaona inavaa nyama, inavaa ngozi, mnyama anaanza kutembea. Kama muda wote alikuwa anatafuta engo ya selfi, basi kapitwa na utamu wenyewe.

Swali: Mimi wa Shangani, Mtwara. Nilikuwa Durban kwa dada nikapelekwa kuona samaki kwenye matangi makubwa, picha zote zina doa jeupe na sura yangu mwenyewe kwenye kioo!

Jibu: Hiyo flashi bibie, inagonga kioo inakurudia. Zima, sogeza kamera ya simu karibu kabisa na kioo, na upige ukiwa umenyooka maana ukipiga kwa upande kioo kinene kinavuta picha na rangi zinachezacheza. Nguo nyeusi inasaidia, nyeupe ndo inayojitokeza kwenye kioo. Na usigonge kioo ili samaki ageuke, sauti ndani ya maji inakimbia zaidi ya mara nne kuliko hewani, we unagonga kidogo yeye anasikia kishindo, na samaki wengi hata kope za kufumba hawana ukiwamulika. Kwa pweza ndo kabisa usijaribu, nyie watu wa pwani mnajua anavyobadilika rangi akishtuka. Kwenye yale mabwawa wanayoruhusu kugusa, nawa mikono kwanza na usimtoe kiumbe nje ya maji.

Swali: Mwalimu, Mikindani. Tunapeleka wanafunzi Kilwa Kisiwani, simu tuzipige marufuku?

Jibu: Hapana mwalimu, punguza tu. Kuna utafiti wa Linda Henkel wa Marekani, 2014, aliwatembeza watu makumbusho, waliopiga picha ya kitu kizima wakakikumbuka vibaya kuliko waliokitazama tu, ila waliozuumu sehemu moja kumbukumbu zao hazikupungua. Kwahiyo simu moja kila kundi, na kila kundi lichague kitu kimoja, mfano nguzo au dirisha la msikiti mkubwa, walitazame kwanza ndo wakizuumu. Kibali mkate mapema Kilwa Masoko, na mtoto asipande juu ya kuta kutafuta selfi, zile kuta zimezeeka mwalimu.