Kusoma vinasaba vya pakanga si kuibadili

Je, pakanga ya Kichina, Artemisia annua, ikisomwa vinasaba inakuwa GMO, yaani mmea uliobadilishwa vinasaba? Hapana, haiwi GMO kwa sababu tu vinasaba vyake vimesomwa. Kusoma ni kujua jeni gani iko wapi, basi. Chuo Kikuu cha York, Uingereza, kilitoa ramani ya vinasaba vyake mwaka 2010. Jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya mmea kwa pamoja, yenye jeni zaidi ya 63,000, ilichapishwa na watafiti wa China mwaka 2018. Kazi ya usomaji huo shambani: mche ukingali mdogo, unapimwa DNA kwenye kipande cha jani tu, watafiti wanajua kama una dalili za kutoa artemisinini nyingi, kile kiambato cha dawa mseto ya malaria. Miche bora ndiyo inayochavushwa kwa njia ya kawaida kupata chotara, na York walifanya hivyohivyo. Waliopandikiza jeni wapo kweli, huko China, lakini hiyo ni kazi tofauti.

Angalizo kwa mkulima: ukivuna mbegu za chotara ukazipanda tena, usitegemee kiwango kilekile. Mmea huu haujichavushi wenyewe, kwa hiyo watoto hutofautiana mno. Jambo hili mkulima aelezwe kabla hajalipia mbegu, si baada ya mavuno.