Kikombe cha lozi ni gramu ngapi? Inategemea zimefanywaje

Juma hili mmeuliza: ikiwa mapishi yanataja kikombe kimoja cha karanga, korosho au lozi, naye mpishi anataka kutumia mizani, apime gramu ngapi? Kwa maoni yangu swali hilo halijibiki mpaka tujue kwanza iwapo punje hizo ni nzima, zimekatwakatwa au zimesagwa, kwa sababu mizani hupima punje peke yake, ilhali kikombe hupima punje pamoja na hewa iliyo katikati yake.

Tuchukue lozi, na kikombe cha kupimia cha Marekani, ambacho ni takriban mililita 240. Lozi nzima zikikijaza huwa na uzito wa gramu 143 hivi; zilizokatwa vipande vyembamba, ambavyo hulaliana ovyo na kuacha mianya mingi, ni 92 tu; na zilizosagwa, zikimiminwa bila kushindiliwa, ni kama 95. Kwa punje nzima hakuna haja ya kuumiza kichwa, kwani karanga ni gramu 146 na korosho 137, hivyo anayekadiria 140 kwa zote tatu hatapotea. Siagi ya karanga, ambayo haina tena mianya ya hewa, hufika karibu gramu 258 katika kikombe kilekile.

Haya niliyajua baada ya kuharibu keki. Mapishi yalitaka kikombe kimoja cha lozi zilizosagwa. Mimi nikajaza kikombe lozi nzima, nikazisaga, nikazimimina zote bakulini bila kugundua kwamba sasa zingejaza kikombe kimoja na nusu. Keki ilitoka nzito na imepasuka juu, na kila nilipoikata kisu kilitoka na makombo. Tangu siku hiyo nasoma mpangilio wa maneno kama wakili asomavyo mkataba: "kikombe cha lozi zilizosagwa" ni kusaga kwanza ndipo upime, bali "kikombe cha lozi, kisha uzisage" ni kupima kwanza. Mwandishi anayetaja gramu 95 hutuondolea utata huo wote, maana uzito haubadiliki kwa kisu wala kwa mashine.

Wakia nazo zina mtego wake. Kikombe hicho huchukua wakia 8 za ujazo, na wako wanaozigeuza moja kwa moja kuwa wakia 8 za uzito, yaani gramu 227 hivi. Hesabu hiyo hukaribia ukweli kwa maji, lakini lozi nzima za kikombe kimoja hazizidi sana wakia 5. Kikombe cha mililita 250, kinachotumika Australia, huongeza gramu zisizofika kumi, jambo ambalo mimi hulipuuza. Maganda siyapuuzi: punje za karanga huwa takriban asilimia 70 ya uzito wa karanga zenye maganda, kwa hiyo anayehitaji gramu 146 aanze na kama 210.

Ushauri wangu kwa mwenye mizani ni kwamba asitegemee majedwali peke yake. Ajaze kikombe chake mara tatu bila kukitikisa, apime kila mara, kisha achukue wastani. Lozi zangu nzima zilitoa gramu 138, na namba hiyo nimeibandika ndani ya mlango wa kabati.