Mtoto anahara: sukari ya nini kwenye maji ya chumvi?

Umeuliza kama unaweza kuiacha sukari. Usiiache. Kwenye utumbo mwembamba, glukosi (kutoka kwenye sukari) na sodiamu (kutoka kwenye chumvi) huingia pamoja kupitia protini moja, na maji hufuata nyuma; njia hiyo huendelea kufanya kazi hata kwenye kipindupindu.

Lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote visawazishwe juu. Sukari ikizidi, maji huvutwa kutoka mwilini kuingia utumboni na kuhara huongezeka (soda hufanya hivyohivyo). Chumvi ikizidi ni hatari zaidi. Pakiti ya ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari uliopimwa tayari) ni bora, ina potasiamu pia. Akitapika, subiri dakika 10, kisha mpe kidogokidogo kwa kijiko. Akilegea au akishindwa kunywa, mkimbize hospitali.